Kabla ya Kuikabidhi Programu Nywila Zako, Uliza Inaishi kwa Nguvu za Nani

Kwa miaka mitatu nilihifadhi nywila zaidi ya mia mbili katika programu moja ambayo sikuwahi kuilipia hata senti. Ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta na kwenye simu, nami sikujiuliza hata mara moja gharama zake zinabebwa na nani. Kisha nikapokea barua pepe fupi iliyoeleza kwamba, baada ya wiki chache, watumiaji wasiolipa watatakiwa kuchagua kifaa cha aina moja tu, ama kompyuta ama simu. Kampuni ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana seva zina gharama na wahandisi wanahitaji mishahara. Kilichonitia uchungu ni kwamba sikuwa nimejiandaa kuondoka.

Kuhama kulinichukua jioni nne. Faili niliyopewa na programu ile ilikuwa ya maandishi ya kawaida, nywila zote zikisomeka na yeyote atakayeifungua, na viambatisho nilivyokuwa nimevihifadhi humo havikutoka kabisa. Miezi miwili baadaye niliikuta faili hiyo bado imo kwenye folda ya vipakuliwa, na nakala yake ilikuwa imeshapanda yenyewe kwenye hifadhi yangu ya mtandaoni. Ikanibidi nibadilishe upya nywila za akaunti zote muhimu. Ukihama, basi, zima kwanza usawazishaji wa folda zako, na faili ya kuhamishia uifute siku hiyo hiyo, pamoja na ile iliyobaki kwenye pipa la taka la kompyuta.

Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri, sianzi na habari za usimbaji fiche, yaani kuzigeuza nywila kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Programu nyingi zinazoheshimika hutumia mbinu zinazojulikana, kama AES-256, na hapo tofauti kati yao ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Swali langu la kwanza ni hili: programu hii inaishi kwa nguvu za nani, na ikifa, nywila zangu nitazifungulia wapi?

Jibu lililonituliza nililipata katika historia ya KeePass, programu ya kutunza nywila. Dominik Reichl aliitoa mwaka 2003 kwa ajili ya Windows, ikiwa programu huria, na wengine wakatengeneza KeePassX ili watumiaji wa mifumo mingine nao wapate. Kazi ya KeePassX ilipozorota, watu waliokuwa wakiitegemea walichukua msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo yanayoiendesha programu, na kuanzisha KeePassXC mwaka 2016. Leseni iliwaruhusu, kwa hiyo hawakuhitaji kibali cha mtu. Zaidi ya hayo, faili ya nywila za mtumiaji ilikuwa katika muundo ulio wazi, kiasi kwamba mtu aliweza kuacha programu moja jioni na kuifungua faili ile ile kwa programu nyingine asubuhi. KeePassXC ndiyo niliyoichagua. Anayetaka nywila zake zisawazishwe bila kuhangaika na faili anaweza kuiangalia Bitwarden, ambayo msimbo wake uko wazi na nyuma yake kuna kampuni inayopata mapato kwa wanaolipia, hivyo chanzo cha fedha zake hakijafichika.

Lugha yetu ina maneno mawili tofauti hapa, huria na bure, na ni vyema tusiyachanganye. Huria ni haki ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuugawa. Bure ni bei, na kazi inayofanyika chini ya bei hiyo kuna mtu anayeilipia kwa usingizi wake. Mwaka 2014, kasoro iliyoitwa Heartbleed ilipogunduliwa katika OpenSSL, maktaba ya msimbo ambayo programu nyingine huitumia kulinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilibainika kuwa mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Mwezi Machi 2024 ikaja habari ya xz, programu ya kubana faili iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, aliyekwisha kueleza hadharani kwamba uwezo wake wa kuihudumia umepungua. Mgeni aliyejifanya msaidizi alijenga uaminifu kwake kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akapenyeza humo mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nikiisoma habari hiyo hufikiria zaidi uchovu wa yule mtunzaji kuliko ujanja wa mvamizi, kwa kuwa uchovu ule ulitokana na watu kama mimi, wageni wa miaka mitatu ambao siku ya tatu hawakushika jembe.

Kwa hiyo sasa nachanga kila mwaka kwa mradi unaotunza nywila zangu. Kiasi si kikubwa, ila nimekiweka pamoja na malipo mengine ya lazima ili kisitegemee kumbukumbu yangu. Asiye na fedha anaweza kutafsiri mwongozo, au kuripoti hitilafu kwa maelezo kamili yanayompunguzia mtunzaji kazi. Kuandika malalamiko kwa ukali, ukidai kipengele kipya kutoka kwa mtu asiyelipwa, ni kumwongezea mzigo, na naomba tuache.

Siku ninayotuma mchango huo ndiyo pia siku ya kukagua nakala rudufu. Nachukua faili ya nywila iliyo kwenye flashi, naipeleka kwenye kompyuta nyingine, na kuifungua kwa programu tofauti na ile ninayoitumia kila siku. Mwaka jana ilikataa kufunguka, kwa kuwa nilikuwa nimebadilisha nywila kuu, yaani ile inayoifungua faili nzima, bila kuisasisha nakala ile. Niliisasisha papo hapo, nikaandika nywila kuu kwenye karatasi, nikaitia katika bahasha na kuifungia pamoja na hati zangu nyingine.