San Petronio, Bologna: ingia adhuhuri

Wengi wanaofika Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa Bologna, Italia, huingia kanisa la San Petronio asubuhi, wakapiga picha mbili tatu, wakatoka. Wanakosa kitu kimoja ambacho hutokea mara moja tu kwa siku: doa la mwanga wa jua kuvuka mstari wa mwanaastronomia Cassini.

Mstari huo Cassini aliuweka mwaka 1655, karibu mita 67, kwenye sakafu ya upande wa kushoto. Juu yake, kama mita 27, kuna tundu dogo darini linalopitisha mwanga. Juni doa la jua huwa dogo na la mviringo, takriban sentimita 30, karibu chini ya tundu. Desemba huenda mbali kuelekea mlangoni, likarefuka kufikia mita mbili hivi. Kuuvuka mstari huchukua dakika mbili na nusu tu, basi usianze kutafuta simu mfukoni wakati huo.

Wanaochelewa hupotoshwa na saa. Doa huvuka mstari adhuhuri ya jua, yaani jua likiwa juu kabisa, na Bologna hiyo si saa 6 kamili, kwa sababu mji uko magharibi ya longitudo ambayo saa za Italia hufuata. Tena hubadilika: mwanzoni mwa Novemba ni saa 5:58, katikati ya Februari ni saa 6:29. Saa zikishasogezwa mbele, Mei hadi Agosti, tarajia kati ya saa 7:10 na 7:21 mchana (Waitaliano wataandika 13:10 na 13:21). Hapo ndipo penye mtego, kwani makanisa mengi Italia hufunga mchana. Angalia ratiba ya siku hiyo kabla ya kupanga, na uwe ndani robo saa mapema. Mlangoni kuna ukaguzi. Masanduku yaache stesheni. Mabega na magoti yafunikwe.

Kuna mawingu? Mstari umelala, doa halionekani. Kuingia kanisani ni bure, ila kanisa dogo la Bolognini, lenye mchoro wa Jehanamu wa Giovanni da Modena, lina tiketi yake, na inastahili.

Uso wa nje, marumaru chini na matofali matupu juu, haukubomoka: ujenzi ulianza 1390 na haukumalizwa kamwe. Usiupite haraka. Kwenye mlango wa kati, kazi ya Jacopo della Quercia kuanzia 1425, mtafute Adamu akilima na Hawa akisokota uzi.