Kumpeleka mtu wa wilichea tamasha la Telluride: dogo aende, ila kuna mwingine hapo umempita haraka

Mkuu, kwa wasiosoma mwanzo, umesema mko Houston, mdogo wako yuko kwenye wilichea tangu apate ajali, anapenda banjo (ile ala ya nyuzi kama gitaa) balaa, na mwezi wa sita unataka umpeleke Telluride Bluegrass Festival kule Colorado. Mnaenda wewe, mkeo (shemeji yangu), mama yako na watoto wenu wawili. Ndugu wanakuambia mlimani sio sehemu ya mtu wa kiti, utamtesa bure. Alafu mwishoni, kwenye mabano, ukaongeza kwamba shemeji ana selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi) ila siku hizi haimsumbui sana.

Mimi mwenyewe natumia wilichea, niliumia uti wa mgongo usawa wa kifua kwa ajali ya pikipiki Moshi, sasa hivi naishi Aurora hapa pembeni ya Denver na kila kiangazi lazima nipande milimani kwenye muziki. Kwahiyo nakujibu kwa ninachokijua. Dogo aende. Anayenitia wasiwasi ni shemeji.

Mji wa Telluride uko mita 2,667 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa kwetu nikimwambia hivi ataelewa haraka, hapo ni karibu sawa na Mandara, kile kituo cha kwanza cha kulala ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Na nyie mnatoka Houston ambako ni kama mko baharini. Sasa mtu wa selimundu oksijeni ikipungua kwenye damu zile chembe nyekundu zinajikunja, zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndo maumivu yanaanza. Baridi inachochea, kuishiwa maji mwilini kunachochea. Tamasha la mlimani lina vyote vitatu, hewa nyepesi, hewa kavu inayokukausha hata hujahisi kiu, na usiku hata mwezi wa sita nyuzi joto zinaweza kushuka mpaka 4 au 5. "Haimsumbui siku hizi" ni habari ya Houston hiyo mkuu, kule juu ni mwili mwingine kabisa.

Kwahiyo kabla hujanunua tiketi hata moja shemeji aende kwa daktari wake wa damu, amtajie huo mwinuko kwa namba, sio aseme tu "tunaenda Colorado" maana Colorado ni kubwa na Denver yenyewe iko mita 1,600 tu. Daktari akisema hapana basi ni hapana, mama na wewe mnatosha kwenda na dogo. Akisema sawa, msipande moja kwa moja, laleni kwanza Montrose siku mbili tatu, pale ni kama mita 1,770, karibu na Nairobi, na kutoka hapo mpaka Telluride ni kama kilomita 105 za gari. Na msikodi nyumba Mountain Village hata kama bei ni nzuri, kule ni juu zaidi, mita 2,909. Akianza kusikia maumivu ya kifua, au ubavu wa kushoto, au pumzi inakata, ni hospitali na kushuka chini muda huohuo, msisubiri bendi imalize. Watoto nao, mama yao akiwa na ugonjwa wenyewe maana yake wamebeba angalau upande mmoja wa vinasaba. Wengi wa hao hawapati shida yoyote ila wachache wengu (kile kiungo cha ubavu wa kushoto) linawaletea matatizo wakiwa juu, kwahiyo mueleze na daktari wao. Kama wamezaliwa Marekani walipimwa wakiwa wachanga, majibu yapo, ulizia.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi, maana watu wakisikia ulemavu macho yote yanaenda kwenye kiti, yule mwenye ugonjwa usioonekana anabeba mabegi ya wenzake.

Tuje kwa dogo.

Cha kwanza Telluride kama mji sio mbaya kwa kiti. Upo chini kabisa ya bonde, milima imeuzunguka pande tatu, barabara kuu ya Colorado Avenue inafuata bonde kwahiyo sio mlima wa kukuua, tatizo ni mitaa ya upande wa kaskazini, ile inapanda kwelikweli, msikodi nyumba huko. Tamasha lenyewe liko Town Park, mwisho wa mji upande wa mashariki, wanalifanya tangu 1974, siku nne Alhamisi mpaka Jumapili. Kuna gondola ya bure inayounganisha mji na Mountain Village, yale makabini yanayoning'inia kwenye waya, ipo tangu 1996, safari kama dakika 13, na kiti kinaingia, mwambie mhudumu mapema apunguze mwendo au asimamishe na atafanya hivyo. Dogo atafurahi sana humo. Shemeji asipande kabla ya kumuuliza daktari, kituo cha katikati kiko juu ya mita 3,200.

Cha pili, na hapa naomba usome taratibu. Watu wakipanga haya mambo wanauliza swali moja tu, "je kuna sehemu ya walemavu?", wanajibiwa ndiyo ipo, wanatulia. Hilo swali halitoshi. Siku ya mtu wa kiti ni mnyororo, paking mpaka geti, geti mpaka jukwaa la kukaa (lile la watu wa viti, sio steji ya wanamuziki), jukwaa mpaka choo, choo mpaka maji na chakula, alafu kurudi kwenye gari usiku giza. Ikikatika pete moja tu siku imeharibika, hata kama jukwaa lenyewe ni zuri kama la rais.

Nikupe mfano. Kuna tamasha moja la milimani huku Colorado, sio hili unaloenda, jukwaa lao lilikuwa safi, mbao ngumu, rampu ya mteremko mpole, unaona steji yote. Choo cha wilichea kipo, kipana, kina vyuma vya kushikia. Ila walikiweka nyuma ya jenereta, na kutoka jukwaani kwenda huko unapita kipande cha kokoto zile kubwa za duara, alafu katikati ya njia nyaya za umeme zimefunikwa na ile mikanda minene ya mpira yenye nundu. Vitairi vya mbele vikizama kwenye kokoto kiti kinasimama ghafla ila wewe mwili unaendelea mbele, na pale kwenye nundu ndo kabisa, huwezi kuinua mbele maana chini hakuna ugumu wa kusukumia. Nikawa naomba watu wanibebe na kiti changu, wageni kabisa, wengine wamelewa, kila nikitaka kwenda chooni. Nikifika nakuta mtu mzima mwenye miguu yake anabadilisha nguo humo kwasababu ni kikubwa. Mchana nikaacha kunywa maji ili nisiende tena. Mlimani, juani, mtu anayetumia mpira wa mkojo anaacha kunywa maji! Hivo ndo watu wanaishia na maambukizi ya kibofu na kulazwa, alafu ndugu wanasema si tulikwambia mlimani sio kwako. Mlima haukufanya kitu pale. Plaiwudi nne na mtu wa kusogeza choo mita thelathini zingemaliza kila kitu, na mwaka uliofuata nilipowaandikia mapema na kuwachorea ramani walifanya hivyohivyo, na njia wakailaza mikeka ya plastiki ngumu.

Kwahiyo andika imeili kwa waandaaji sasa hivi, usisubiri mwezi wa tano. Usiwaulize kama kuna huduma, waulize namba na vitu. Kutoka paking ya walemavu mpaka geti ni mita ngapi na chini kuna nini, nyasi, changarawe au lami. Jukwaa liko wapi na mtu aliyekaa anaona steji pale watu wa mbele wote wakisimama, maana kwenye muziki watu wanasimama, na sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu inayoitwa ADA, ya 1990, viwango vyake vinataka aone hata wakisimama. Choo cha wilichea kilicho karibu na jukwaa ni kipi na njia yake ikoje, viwango hivyohivyo vinataka angalau asilimia 5 ya vyoo vya kuhamishika kwenye kila kundi viwe vya kufikika, kwahiyo huombi hisani hapo. Betri ya kiti cha umeme inachajiwa wapi. Majibu wayaandike, uyaprinti, uyabebe, kwasababu anayekujibu ofisini sio yule wa kujitolea atakayekuwa getini na redio asubuhi.

Kuhusu tiketi. Nafasi ya wilichea hawaruhusiwi kuiuza ghali kuliko tiketi ya kawaida ya hadhi ileile, hawaruhusiwi kumdai dogo cheti cha daktari kuthibitisha ulemavu. Na wenzake hadi watatu wana haki ya kununua nafasi za kukaa pembeni yake kama bado zipo. Nyie mko sita kwahiyo waambie kabisa mnahitaji mkae pamoja au karibu iwezekanavyo. Wakikuambia mlemavu na msaidizi mmoja tu, usikubali haraka, waonyeshe kipengele hicho kwenye kanuni za ADA. Dogo haendi kule kukaa na nesi, anaenda kusikia banjo na familia yake. Na mkifika mkikuta watu wazima wenye afya wamejaa sehemu hiyo semeni, msione aibu. Pale Red Rocks, ukumbi wa wazi wa muziki karibu na Denver, safu ya kwanza ni moja ya safu za wilichea, wasio na ulemavu wakawa wanazichukua hizo nafasi mpaka watu wa viti wakalipeleka Jiji la Denver mahakamani 2016, na mambo yakabadilika kwasababu waliamua kusema.

Telluride ina utamaduni wake wa maturubai. Asubuhi geti likifunguliwa watu wanakimbia kutandika turubai zao kwenye nyasi, ndo wamekamata sehemu ya siku nzima. Ni raha kuangalia. Ila kwa kiti, katikati ya maturubai kunabaki vijia vyembamba, na tairi likipanda turubai lenye umande linateleza. Kwahiyo kama dogo anataka kukaa kwenye nyasi na wengine badala ya jukwaani, na ni haki yake, wewe katandike ukingoni kabisa kwenye njia kuu, usitandike katikati.

Kwenye nyasi laini na tope mgeuzeni, mumvute kinyumenyume, tairi kubwa zitangulie, vitairi vidogo vifuate. Ukisukuma mbele kwenye tope utamwaga mtu. Vizuri zaidi ni kile kigurudumu kikubwa cha mbele kinachofungwa kwenye kikanyagio, kinainua vile vidogo visiguse chini kabisa, kwangu hicho ndo kimebadilisha maisha ya nje ya lami. Na muulize kwanza kabla ya kushika kiti, hata wewe kaka yake.

Mwili wake sasa. Hujasema ameumia usawa gani. Kama ni kifuani juu kama mimi, au shingoni, chini ya pale mwili hautoi jasho vizuri, jua la saa saba mlimani ni kali na hewa haikuonyeshi, unajikuta umechemka. Abebe chupa ya kunyunyizia maji, kofia pana, na kitambaa cha kulowesha shingoni. Usiku ni kinyume chake, miguu inakuwa barafu na yeye hasikii, mvalishe soksi nzito kabla jua halijazama na kagua ngozi mkirudi. Anyanyuke kwenye kiti kila baada ya muda kupunguza mgandamizo, siku nne za kukaa toka asubuhi mpaka saa tano usiku ndo vidonda vinavyoanzia.

Na radi. Kiangazi milima ya Colorado mchana mawingu yanajikusanya haraka, na radi inakuja kweli. Waandaaji wakisema tokeni, watu maelfu wanatoka kwa mpigo. Kwahiyo siku ya kwanza mkifika tu, muulize msimamizi wa jukwaa la wilichea wakitangaza radi watu wa viti wanapelekwa wapi na nani anakuja kuwachukua. Akibabaika, pangeni wenyewe, gari liwe wapi na nani anabaki na dogo, nani anabeba watoto.

Yule dada aliyeuliza kuhusu kaka yake kiziwi kwenye uzi huuhuu, aombe mkalimani wa lugha ya alama kwa maandishi wiki nyingi kabla na ataje bendi anazotaka, kwasababu mkalimani naye anahitaji muda wa kujifunza mashairi.

Mkuu, niandikie dogo ameumia usawa gani, kiti chake ni cha kusukuma au cha umeme, na kama kikanyagio ni kimoja kizima au viwili vinavyojikunja pembeni. Kile kigurudumu cha mbele kinashika vizuri kwenye kizima, kwenye viwili kinahitaji adapta, na adapta inaweza kuchukua muda kufika, kwahiyo tuanze na hilo wiki hii huku shemeji anatafuta nafasi kwa daktari.