Je, Yafaa Msaada kwa Wakimbizi Uwe na Sharti la Kusikiliza Mawaidha?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh wangu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Vijana wa msikiti wetu tumekusudia kwenda Kigoma wakati wa likizo kujitolea katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tugawe vyakula na mablanketi na kuwasomesha watoto. Baadhi ya wenzangu wanasema kuwa wakimbizi walio wengi si Waislamu, basi wapewe wale tu watakaokaa kusikiliza mawaidha yetu. Je, hilo linafaa? Je, tunaweza kutumia fedha za zaka? Na mama yangu, ambaye ni mjane, hajaridhia niende, nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake.

Ama hilo sharti, halifai. Imepokewa kutoka kwa Sahaba Ibn Abbas kwamba baadhi ya Waislamu walichukia kuwapa sadaka jamaa zao waliobaki katika ushirikina, ndipo ikateremka aya ya 272 ya Suratul Baqara, yenye maana kwamba si juu ya Mtume kuwaongoa watu, bali Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye, wakaruhusiwa kutoa. Tazama pale aya hiyo ilipowekwa: imezungukwa na aya za sadaka mbele na nyuma, ili mtoaji asidhani kuwa mkono wake wenye chakula ndio unaogeuza nyoyo.

Zingatieni pia hali ya watu mnaowaendea. Kambi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, na mwaka 2015 ikawapokea Warundi kwa maelfu. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na tegemeo lake kubwa ni chakula cha mgao. Mama mwenye watoto wanne akiambiwa asikilize kwanza ndipo apewe unga, atasikiliza, na hata akitamka shahada huenda akaitamka kwa ajili ya unga ule. Mwenyezi Mungu amesema kuwa hapana kulazimisha katika dini, na njaa ni miongoni mwa mambo yanayomlazimisha mtu.

Sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili. Takriban mwaka 615, Waislamu walioteswa Makka walikimbilia Habasha (Uhabeshi), kwa mfalme Najashi ambaye wakati ule alikuwa Mkristo. Makureshi, watu wa kabila lililotawala Makka, walipotuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao, Najashi alimsikiliza Jaafar bin Abi Talib akisoma katika Suratu Maryam, akazirudisha zile zawadi na kuwaacha Waislamu wakae kwa amani. Hakuwataka waiache dini yao ndipo wapate hifadhi. Itakuwa aibu kubwa kwetu kumtoza mkimbizi wa leo kile ambacho wakimbizi wa kwanza wa Uislamu hawakutozwa.

Simaanishi kwamba mfiche dini yenu. Atakayeuliza ajibiwe kwa hekima, na Waislamu waliomo kambini mnaweza kuwasomesha, lakini darasa liwe mbali na mgao kwa wakati na kwa mahali. Vilevile msiwapige picha watu wakiwa wameshika mlichowapa, kwani Suratul Baqara, aya ya 264, imekataza kuziharibu sadaka kwa masimango na udhia, nami naona kusambaza sura ya mtu katika dhiki yake kunaingia humo.

Kuhusu fedha, zitengeni mafungu mawili. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, na ndiyo ya madhehebu yetu ya Shafii, zaka ya mali hupewa Waislamu wenye kustahiki, wakiwemo mafakiri, masikini na wapita njia waliokwama. Kwa hiyo Waislamu wa kambini waliomo katika mafungu hayo wapewe kutoka humo. Wengine wapewe kutoka katika sadaka za hiari, na hizo hazina kizuizi cha dini ya mpokeaji. Nauli na chakula chenu njiani msivitoe katika zaka.

Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, basi kiombeni mapema.

Lililobaki ni la mama yako, nalo ni zito kwako kuliko yote uliyouliza. Maimamu wa Hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu mmoja alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Alipojibu ndiyo, aliambiwa afanye jihadi yake katika kuwatumikia. Safari yako ni ya hiari, na wenzako wanaweza kuifanya bila wewe. Keti naye, umsikilize anachokihofia, kama ni njia, maradhi au upweke, kisha umtafutie mtu wa kumwangalia. Akiridhia, nenda, asiporidhia, baki naye, uwape wenzako mchango wako pamoja na vitabu vya kuwasomeshea watoto.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.