Dume Mmoja Hatoshi: Ukitaka Kufuga Kondoo Wekundu wa Kimaasai

Wengi wanaonipigia simu kuhusu kondoo wekundu wa Kimaasai huuliza kama nina dume mzuri wa kuuza. Mmoja tu. Nami huwauliza: majike ulionao, baba yao ni nani?

Walio safi wamebaki wachache. Katikati ya miaka ya 1970 madume wa Dorper, kondoo wa nyama wenye asili ya Afrika Kusini, walianza kusambazwa Kenya kwa bei ya ruzuku, na huku Kajiado wengi wetu tukachanganya damu, maana chotara ana uzito sokoni. Simlaumu mtu, karo lazima ilipwe. Ila mvua ikizidi na minyoo wanyonya damu wakiingia, funua kope ya chini ya Dorper: imepauka kama karatasi. Ya mwekundu, mara nyingi, bado ina damu.

Dume akiwa mmoja, watoto wote ni ndugu, na mwisho watapandana wenyewe kwa wenyewe. Sasa hesabu ya kupima kundi lina damu tofauti kiasi gani. Zidisha idadi ya madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, halafu gawanya kwa jumla yao. Dume 1 na majike 40 hutoa karibu 4. Yaani vichwa 41 vizima, kwa upande wa damu, ni sawa na kondoo wanne! Kwa majike haohao weka madume 4, inapanda hadi 14 na ushee. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inashauri hesabu hii isishuke chini ya 50, ambayo huhitaji, tuseme, madume 15 na majike 75. Boma moja haliwezi. Tafuta majirani.

Sisi tunazungusha madume: wangu huenda boma la pili, wa pili la tatu, wa tatu huja kwangu. Majike hawahami. Kila dume huacha mrithi mmoja wa kiume, kila jike binti mmoja. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu dume mwenye umbo atakushawishi ubakize wanawe wote. Kataa. Na usichague kwa rangi, chotara wekundu wamejaa tele. Amini hereni ya sikioni na daftari lenye baba, mama na tarehe.

Kisimani madume wa watu hawana adabu. Wazee huwafunga kipande cha ngozi chini ya tumbo wasiweze kupanda majike, nawe zungumza na jirani afanye hivyo.

Dorper sijamfukuza. Jike mwekundu akishaniachia binti safi, ndipo nampandishia Dorper, na watoto hao wote huenda sokoni.