Pesa za PPI baada ya mpango wa madeni kwisha: hundi ni ya nani?

SWALI: Mimi naishi Leicester, dada yangu yuko Glasgow. Sote tulilemewa na madeni. Mwaka 2008 mimi niliingia IVA (mpango rasmi wa kulipa wadai kidogo kidogo kupitia msimamizi), yeye akasaini hati ya amana (trust deed) ya huko Scotland, inayomkabidhi msimamizi mali aishike kwa faida ya wadai. Tulimaliza zamani na vyeti tunavyo. Baadaye ikabainika kwamba mikopo yetu ya mwaka 2005 ilibandikwa bima ya PPI (bima ya kulipia mkopo ukishindwa kulipa) bila sisi kuelezwa. Dada kalipwa mkononi mwake. Mimi benki inasema pauni 4,100 zangu zinakwenda kwa msimamizi wa IVA iliyokwisha. Je, nimedhulumiwa?

JIBU: Pole sana, kaka. Inauma, kwa sababu ulilipa miezi yote uliyopangiwa, ukaambiwa umemaliza. Lakini benki huenda iko sahihi, na dada yako pia hajakosea kupokea.

Anzia siku bima ilipouzwa. Haki ya kudai fidia huzaliwa siku hiyo, hata kama mwenyewe unakuja kuijua miaka kumi baadaye. Kwa hiyo ulipoingia IVA mwaka 2008 tayari ulikuwa na mali ambayo hukuiorodhesha kwa kuwa hukujua kama unayo. Tarehe iliyoandikwa kwenye hundi haibadilishi hilo.

Linalofuata ni kujua kama amana iliyowekwa kwa ajili ya wadai bado i hai, maana IVA nayo huweka amana. Hapo ndipo Uingereza na Scotland zinapoachana. Mwaka 2017, katika kesi ya Green na Wright, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba cheti cha kukamilisha IVA hakiiui amana. Mdaiwa anafunguliwa, hadaiwi tena, ila mali iliyokuwa ndani ya amana inabaki humo kwa faida ya wadai. Tarehe 31 Oktoba 2018, katika kesi ya Dooneen na Mond iliyotoka Scotland, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati ile ya amana ilikoma msimamizi alipofanya mgao wa mwisho kwa wadai, kwa hiyo fidia ya PPI iliyoibuka baadaye ilikuwa ya mdaiwa. Dada yako amefaidika na uamuzi huo.

Hata hivyo, usikubali jibu la benki kwa barua moja tu. Kesi zote mbili zilisimama juu ya maneno ya mikataba yenyewe. Iandikie kampuni iliyosimamia IVA yako uombe nakala za pendekezo la awali, masharti ya kawaida yaliyoambatanishwa nalo, na ripoti ya mwisho. Usitegemee rejista ya umma ya ufilisi, kwani taarifa za IVA huondolewa humo miezi mitatu baada ya kwisha. Nakala zikifika, tafuta kifungu kinachosema mali iliyobaki inakwenda wapi mpango ukikamilika. Kikiwa kinasema inarudi kwako, una hoja nzito. Kikiwa kimya, uamuzi wa mwaka 2017 unakubana. Dada naye asome hati yake, maana nyingine zina sharti la kuibakiza PPI mikononi mwa msimamizi hata baada ya mgao.

Pesa zikienda kwa msimamizi, mtake hesabu kwa maandishi: amepokea kiasi gani, ada yake ni ngapi, wadai wamepata nini. Ziada yoyote baada ya wadai kulipwa wote ni yako.

Benki ikikosea ikakutumia wewe hundi, tafadhali usiitumie kabla ya kupata jibu la msimamizi. Tunajua shinikizo la nyumbani: kuna kiwanja Tanga, kuna ada za watoto. Zikishatumwa, utatakiwa kuzirudisha kutoka mfukoni.

Jingine lililoumiza watu wengi, kabla mlango wa kupeleka malalamiko ya PPI haujafungwa Agosti 2019, ni makampuni ya kudai kwa niaba yako. Kwa madai ya PPI sheria iliweka kikomo cha ada cha asilimia 20, na VAT juu yake, yaani hadi pauni 240 kwa kila pauni 1,000. Benki ikikata fidia juu kwa juu kufidia deni la mkopo uleule, au ikimpa msimamizi, wewe hupati senti, ila kampuni inaweza kukudai ada kamili. Ndiyo maana ilifaa barua ya kwanza kwao iseme wazi kwamba uliwahi kuwa na IVA.

SWALI: Mume wangu alitangazwa muflisi hapa London mwaka 2010 na akaachiliwa baada ya mwaka mmoja. Mkopo wenye PPI ulikuwa wa majina yetu mawili. Fidia ni ya nani?

JIBU: Sehemu yako, ambayo kwa kawaida ni nusu, ni yako, dada, maana wewe hukufilisika. Mwambie mlipaji hivyo kwa maandishi kabla hajatoa hundi, kwa sababu mara nyingi fidia yote hupelekwa kwa mfilisi (afisa anayeshika mali ya aliyefilisika) bila mtu kuangalia mkopo ulikuwa wa nani.

Sehemu ya mume wako iliingia katika mali ya ufilisi siku amri ya mahakama ilipotolewa mwaka 2010, na kuachiliwa kwake hakukuirudisha. Kama angeuziwa bima baada ya amri hiyo, ingekuwa yake.

Ukipokea sehemu yako, soma mchanganuo wake. Fidia huwa na mafungu matatu: michango ya bima uliyolipa, riba iliyotozwa juu ya michango hiyo, na riba ya asilimia 8 kwa mwaka ya kukufidia kwa kukosa pesa zako. Hilo la tatu hukatwa kodi ya asilimia 20. Mathalani likiwa pauni 900, zimekwenda 180 kwa HMRC, mamlaka ya kodi. Kama kipato chako ni kidogo huenda unastahili kurudishiwa: jaza fomu R40 ndani ya miaka minne tangu mwaka wa kodi uliolipwa kwisha, na uitunze ile karatasi ya mchanganuo, kwani ndiyo ushahidi wa makato.