Mapenzi yaliyoanza kwa shikamoo

Swali la wiki: ukipewa nafasi ya kutunga tamthilia ya mapenzi ya wakati wa vita, ungeiweka wapi, na ingeishaje?

Ningeiweka Masaka, mji wa kusini mwa Uganda, mwaka 1979, wakati wa vita vya Tanzania na Idi Amin. Wahusika nisingewatafuta mbali, wapo nyumbani kwetu.

Vijana wengi hawajui jinsi Kiswahili kilivyowatisha wazee wetu. Enzi za Idi Amin kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani: "Toka nje! Lala chini!" Bibi yangu alikijua kwa amri hizo tu. Mwishoni mwa Februari askari wa Tanzania wakaingia Masaka, na asubuhi moja askari mwenye bunduki begani akasimama uani kwetu. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama. Naomba maji ya kunywa." Bibi hakuwa amewahi kuamkiwa kwa Kiswahili. Aliduwaa, akarudi ndani akitetemeka, akamtuma binti yake wa miaka kumi na tisa apeleke maji kwenye kikombe cha bati. Binti huyo ni shangazi yangu.

Tamthilia yangu ingekaa hapo uani muda mrefu. Kila akirudisha kikombe, yule mkombozi (bakombozi, ndivyo watu walivyowaita) anamwachia msichana neno moja: marahaba, pole, karibu. Siku moja anamletea kipande cha sabuni. Sabuni wakati ule ilikuwa kitu cha magendo, na shangazi anasema aliinusa wiki nzima kabla ya kuifulia.

Jambo moja nisingelificha. Mizinga iliyoubomoa mji wetu ilikuwa ya jeshi lake, na duka la babu liligeuka kifusi. Yeye naye alikuwa amepita Kagera, upande wa Tanzania, akaona nyumba zilizochomwa na daraja la Kyaka lililolipuliwa na majeshi ya Amin miezi michache tu nyuma. Tamthilia nyingi za vita humweka adui huku na mpenzi kule. Huyu alikuwa vyote viwili, na msichana alijua, na bado alimpelekea maji. Hapo ndipo koo hunikaba kila shangazi anaposimulia.

Mapigano yenyewe ningeyapitia haraka. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, jeshi likaendelea kaskazini, naye akaenda nalo. Barua mbili zilifika. Ya tatu haikuja. Mwaka 1981 Watanzania walipokuwa wakirudi kwao, shangazi alikuwa akisikia lori anaacha jembe shambani, anakimbilia barabarani kutazama nyuso.

Mwisho? Nisingemrudisha askari, wala nisingemuua. Watunzi hupenda harusi au kaburi kwa sababu vyote hufunga hadithi, lakini shangazi hakupewa hata kimoja. Baadaye aliolewa na mtu mwema, akapata watoto, na nyumba yake ina kicheko mpaka leo. Kwetu Buganda shangazi ndiye ssenga, mwenye kazi ya kuwafunda wasichana. Siku aliponifunda mimi, kabla ya mengine yote, aliniambia nimtazame mwanamume anavyomwamkia mama mwenye nyumba kabla hajaomba maji.

Ningefunga na bibi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampigia magoti asubuhi kumwamkia kwa Kiganda, na siku nyingine, mikono yake ikiendelea kumenya ndizi za matooke, alinijibu, "Marahaba."