Barua kwa Mwanangu: Nani Alikukataza Kuuliza?

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la bibi yako, ambalo kwa mvua hizi halimpi raha usiku wala mchana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mkubwa wako wa kazi alikuagiza upeleke maboksi bandarini saa moja, nawe ukayapeleka saa moja ya jioni kwa kuwa wiki iliyopita mzigo ulipakiwa jioni, kumbe yeye alikusudia asubuhi na chombo kilikwisha ondoka. Kisha akakukaripia mbele ya wenzako kwa nini hukuuliza. Ndipo ukaniandikia: "Mama, mlitulea tusiwahoji wakubwa, na leo nalaumiwa kwa kutowahoji. Kosa ni la nani?" Swali hilo ni la haki, na sitalijibu kwa kukubembeleza.

Nilipoolewa nikavushwa kutoka Kojani kuja huku, sikuwa najua kitu kuhusu karafuu isipokuwa harufu yake. Kojani ni kisiwa cha wavuvi. Mimi nilijua kuanika pweza na dagaa. Msimu wangu wa kwanza bibi yako alipata msiba kwa ndugu zake, akaniachia karafuu zikiwa jamvini, akaniambia, "Zikikauka, zitie guniani." Nikaitika "Inshallah, mama," huku moyoni sijui karafuu iliyokauka hujulikanaje. Nilikuwa mke mgeni, na niliona nikiuliza jambo ambalo kila mtoto wa nyumba ile analijua, watasema wameletewa mzigo. Siku ya tatu zikawa zimegeuka rangi ya kahawia, nami nikaziona zimekauka, nikazitia guniani na kushona mdomo wa gunia kwa fahari kubwa. Zilipofikishwa kituo cha ununuzi, mpimaji aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akanusa, akalifunga gunia bila ya kusema neno. Ndani zilikuwa zimevunda na kuota ukungu.

Bibi yako aliniuliza neno lile lile uliloulizwa wewe: "Kwa nini hukuuliza?" Nami moyoni nikamjibu, "Na wewe kwa nini hukueleza?" Mpaka leo naamini sote wawili tulikuwa na haki, ingawa hasara ilikuwa moja. Kisha akachukua karafuu moja iliyokauka vizuri, akaivunja kwa kucha mbele yangu, ikalia. "Ikilia hivi imekauka," akasema, "ikipinda, iache juani." Somo hilo halikuchukua hata dakika moja, na gunia zima lilikuwa limekwisha potea.

Sasa nirudi kwenye lawama yako. Sisi hatukuwakatazeni kuuliza, tuliwakatazeni kudadisi. Kumwuliza mgeni amekuja kwa jambo gani kabla hajaketi, kumwuliza jirani amepata wapi pesa za mabati, kumhoji mzee kwa sauti ya kumwonesha kuwa amekosea, hayo ndiyo tuliyowapigia kelele, na nikirudi ujanani nitayapigia tena. Lakini lazima nikiri kwamba katika kukataza hayo tuliyachanganya yote katika kapu moja, na mtoto hawezi kuyachambua peke yake kama tunavyochambua karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka sita au saba ukaniuliza kwa nini bahari huondoka na kurudi mara mbili kwa siku? Nilikuwa jikoni, mafuta yanaunguza, nikakwambia, "Nyamaza, hayo ni ya Mungu." Ni ya Mungu, kweli, lakini sababu ya kukunyamazisha ni kuwa sikujua, na nilitahayari mbele ya mtoto wangu wa kumzaa. Jambo la ajabu ni kwamba mambo ya maji nilikuwa nayaishi tangu utotoni: sisi wanawake tuliokuwa tukienda kuchokoa pweza tulikuwa tukiulizana kila mara mwezi umefika siku ya ngapi, kwa sababu bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na tulijua kuwa kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Baba yako ndiye aliyenieleza baadaye kuwa mwezi huyavuta maji, na jua nalo husaidia siku za bamvua. Ningekwambia tu, "Sijui, kamwulize baba yako," ungejifunza mawili kwa wakati mmoja.

Katika dini yetu pia usitafute kisingizio. Sura ya An-Nahl, aya ya 43, inatuamrisha tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui. Lakini soma vilevile katika Al-Baqara kisa cha Wana wa Israili walioamrishwa kuchinja ng'ombe: wakauliza ni ng'ombe gani, kisha rangi yake ipi, kisha wakauliza tena, na kila swali likazidi kuwabana, hata wakakaribia kutomchinja. Wale hawakutaka kujua, walitaka kuchelewesha. Mkubwa wako wa kazi, kama ana akili, atatambua haraka wewe ni wa kundi lipi, kwa hiyo usianze sasa kumwuliza kila hatua unayopiga ili kumwonesha kuwa umesikia karipio lake.

Uliza pale ambapo neno moja lina maana mbili. Huku kwetu wachumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, na mwenye shamba anayejua mambo huulizwa asubuhi, kabla mtu hajapanda mti: pishi la mfuto, lililosawazishwa mdomoni, au la tele, lililojazwa hadi kufanya kilele? Likiulizwa asubuhi ni mazungumzo, likiulizwa jioni ni ugomvi, maana kila mmoja amekwisha piga hesabu yake. "Saa moja" yako ni pishi hilo hilo. Ungesema, "Samahani mkuu, ni saa moja ya asubuhi?" ungekuwa umemaliza, wala hakuna heshima yake ambayo ingepungua. Na kama unaona haya kuuliza, basi lirudie agizo lake kwa sauti mbele yake. Akikusudia jingine atakusahihisha mwenyewe.

Kuhusu yeye, kukukaripia mbele za watu hakukuwa vizuri, na agizo lake lilikuwa na kasoro. Hata hivyo, wewe ndiye uliyekuwa na maboksi mkononi. Nenda kamwombe radhi faraghani, usiitaje kasoro yake; akitaka kuikumbuka ataikumbuka.

Bibi yako amesikia nikiisoma barua hii kwa sauti, anasema gunia lile halikuwa zima, lilikuwa nusu. Sikubaliani naye.

Limebaki moja. Umeandika kuwa sikukuu utakuja "na mwenzangu," ukaishia hapo. Mwenzako huyo ni wa kazini, nimtandikie pamoja nawe chumba cha mbele, au ni mwenzako wa kutufanya tutafute wazee wa kupeleka posa? Nijibu kabla sijanunua chochote.

Ni mimi mama yako